Dakika ya Thelathini na Moja

Dada yangu,

Huku wazima. Cherehani ya tatu imetengemaa, na tumbo limefika wiki ya thelathini na sita. Najua umenuna kwa kuwa nataka kuzalia nyumbani. Nami nimenuna kwa ulivyonicheka mbele ya wifi zako.

Mkunga wangu si wa mchezo. Anataka mpango wa hospitali, mambo yakiharibika: gari, kundi la damu, begi, na safari isiyozidi nusu saa. Ikizidi, hanizalishi hapa. Shemeji yako akaenda kupima, akarudi anatamba: "Dakika kumi na tisa, mama watoto! Hata usingizi hutaupata."

"Ulianza kuhesabu wapi?"

"Getini."

Tunakaa ghorofa ya nne, dada! Nikashuka mwenyewe na saa mkononi, nikipumzika kila kona ya ngazi. Dakika kumi na mbili, na hapo sina uchungu. Jumla thelathini na moja.

Mkunga hajaiona hesabu hii. Dakika moja naweza kuifuta kwa kalamu. Lakini mimi niliyeanza na sindano moja sijawahi kudanganya kipimo cha mteja, na sasa sielewi kama naiogopa hospitali au naogopa kwamba ulisema kweli, kuwa nyumba yangu haifai kuzalia.

Wewe unakaa chini, hospitali iko mtaa wa pili. Nipe chumba chako cha uani kwa wiki tano, nizalie humo. Nijibu ndiyo au hapana, na ukitaka kucheka, cheka kabla sijafika.

Mdogo wako, fundi