Shela Kichwani mwa Oda

Rabenfurt, Sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, 1284

Mdogo wangu Richenza,

Hujambo huko utawani? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila ujane umenichosha. Shemeji Volkmar anakalia kiti cha marehemu utadhani alizaliwa nacho. Jana mezani alitangaza kwamba binti yangu Oda tayari ni mtawa. Unajua maana yake: Oda akiolewa, shamba la mizabibu nililopewa na mume wangu asubuhi ya baada ya harusi litakwenda naye; lakini akiwa mtawa, litabaki kwa Volkmar. Nilicheka. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, nilimleta kwako asome tu. Niambie ni uongo.

Dada yako, Jutta

Lindenwerd, Kupalizwa Bikira Maria

Shikamoo dada Jutta,

Kifua kimepona, moyo ndio haujatulia. Si uongo mtupu. Siku ya Mtakatifu Mikaeli mwaka jana Oda alikuwa na chawa, tukamnyoa. Akawa anatetemeka kwa baridi katikati ya sala, nikavua shela yangu nyeusi nikamfunika. Akaizoea. Nilisahau kanuni yetu: msichana aliyefunikwa shela na mtawa akikaa nayo mwaka mmoja na siku moja, bila ndugu kuja kumdai langoni, ni mtawa mpaka kufa. Mama mkuu hakusahau. Njoo kabla ya Mikaeli.

Na nikiri yote. Niliikumbuka tangu Pasaka, nikanyamaza. Ananiita mama mdogo, dada. Hapa hakuna mwingine anayeniita jina la nyumbani.

Mdogo wako, Richenza

Rabenfurt, Kuzaliwa kwa Bikira Maria

Richenza,

Natumaini u mzima. Barua yako niliitupa, kisha nikaiokota. Volkmar amefunga zizi la farasi. Nilitoka kwa miguu, walinzi wakanirudisha darajani kwa heshima zote, eti bibi atachafua viatu. Sina ndugu wa kumtuma aje kumdai.

Nami nina la kukiri. Ulipokuwa na miaka tisa ulimngoja mama langoni hapo aje kukuchukua, hakuja. Alikuwa amejiandaa, baba akamzuia, akasema binti mmoja wa kuolewa anatosha. Nilisikia, nikafurahi kuwa ni mimi. Naona aibu mpaka leo. Msaidie mwanangu.

Dada yako, Jutta

Lindenwerd, Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli

Shikamoo dada,

U mzima? Naandika haraka. Leo asubuhi kanisani, mbele ya watu wote, nilimwendea Oda nikamvua shela. Kanuni inaruhusu: mkono uliofunika waweza kufunua, siku zikiwa hazijatimia. Wengi huogopa adhabu. Nitakula sakafuni, sitafundisha, na kuanzia kesho sitaandika barua mwaka mmoja na siku moja.

Nywele zimemfika masikioni. Anakuja na gari la wauza sufu. Alinishika joho, alitaka twende wote. Nilimbandua vidole kimoja kimoja.

Sina kinyongo, dada.

Mdogo wako, Richenza

Rabenfurt, Sikukuu ya Mtakatifu Marteni

Mdogo wangu Richenza,

U hali gani? Najua huwezi kujibu, na mama mkuu ataisoma kwanza. Mama mkuu, shikamoo, maumivu ya miguu yanaendeleaje?

Oda alifika salama. Alipita ukumbini kichwa wazi, Volkmar akaacha kutafuna. Leo Oda kamla bata bukini wa sikukuu karibu peke yake.

Kila asubuhi anachora mstari kwenye ubao wa kitanda chake. Imefika arobaini na mitatu. Ikitimia mwaka na siku moja, tutakuja langoni kukudai. Nimemweleza kwamba kwako siku zilishapita zamani, hawatafungua. Kasema tutakuja tu, mama mdogo aone kuna watu wamekuja.

Dada yako, Jutta