Wazungu wenye nilifundisha kazi ya boyi

Bruxelles, siku ya Mungu, kisha misa

Mama Feza, bibi yangu,

Mbele ya yote nakuamkia wewe, na nauliza muguu yako: iko inavimba tena, ao ile dawa ya hospitali ilikusaidia? Na maharagi ya kule juu ya mulima, mulivuna mbele mvua haijaiozesha? Mimi niko muzima. Baridi ya huku njo inanitesa, inaingia mpaka ndani ya meno, lakini nakula, nalala, nasali. Basi usiogope juu ya mwili yangu.

Barua yako ilifika. Niliisoma mara ine nikiwa nasimama mu jiko, mpaka mukate ya Madame ikaungua. Umesema wazazi wa ule kijana wa Ntoto mwenye anataka kuoa Feza wetu walipanda mpaka kwetu mara mbili, na mbuzi zao na nyama ya pori ya kukausha, na mara mbili walishuka nayo tena, juu baba ya binti haiko. Umesema kaka yako alijitoa kunywa kasiksi ya kwanza mahali yangu, lakini Feza alikatala. Alisema kama si baba yake mwenyewe mwenye anaonja ile pombe ya ndizi na kumupatia mukwe kibuyu na mukono yake, yeye haolewi. Na umesema wale watu wa Ntoto watarudi mara ya tatu kisha Pasaka, na hakuna mara ya ine. Halafu chini kabisa, mahali karatasi inaisha, uliandika: «Papa Feza, uko boyi ao uko mufungwa?»

Aa, mama! Ile neno ilinichoma. Nitakujibu, lakini kwanza acha nikuelezee mambo ya televizyo, juu jibu yako inapita mulemule.

Televizyo ni kama ile sinema yenye mapadri walikuwa wanatuonyesha ku misioni, lakini hii inaingia mu nyumba ya muntu, ndani ya sanduku. Sasa, Madame iko na mutoto wa kaka yake, jina yake Monsieur Luc, mwenye kazi yake ni kutengeneza hadisi za ile sanduku. Siku moja alikuja kula kwetu. Nilimutumikia vile Madame Muzee, mama mukwe wa Madame, alinifundisha kule ku ferme, shamba yao ya ng'ombe, mbele Madame hajanileta huku. Unamukumbuka ule bibi, na rula yake? Alikuwa anapima uma imekaa mbali gani na kando ya meza, na huko inje ni ukungu tu na ng'ombe zinalia. Sisi tulikuwa tunacheka ku jiko: nani mu Masisi yote atakuja kuona kama uma imepinda? Basi Monsieur Luc aliacha kula. Anaangalia mikono yangu tu. Akasema, «Tante, huyu muntu anatumika kama mu nyumba za wakubwa wakati ya babu. Hapa Bruxelles nimetafuta muntu wa vile mpaka nimechoka.»

Kumbe alikuwa anatayarisha hadisi ya vipande-vipande, yenye wataonyesha kila siku ya Mungu. Ni hadisi ya nyumba moja kubwa ya zamani, mbele motokari haijakuwa mingi. Matajiri wanakaa juu, watumishi wanakaa chini, na siri ya juu inashuka na sahani chafu. Wale wenye wanacheza watumishi hawakujua hata kubeba sinia. Njo akaniomba kwa Madame, vile muntu anaazima sufuria ya jirani, na Madame akaitika.

Sasa cheka, nakupatia ruhusa. Mimi, muntu wa Mweso, nafundisha wazungu kazi ya boyi! Nasimama katikati yao na tabliye yangu ya jiko imefungwa ku kiuno, nasema, «Apana, Mademoiselle, sinia hauiangalie. Ukiiangalia itaanguka. Angalia kule unaenda.» Nasema, «Ku mulango ya chumba ya kulia hakuna kupiga hodi. Hodi ni ya chumba ya kulala.» Na wao wananijibu «Merci, Monsieur.» Monsieur! Siku ya kwanza niligeuka kuangalia nani amesimama nyuma yangu.

Lakini sitawachekelea mingi, juu wale watu wanajua kazi yao, na muntu mwenye anajua kazi mimi namuheshimia, awe nani. Kuna binti moja anacheza mutumishi wa kuwasha moto. Alipiga magoti mbele ya ile ziko tangu asubui mpaka saa sita, anarudilia, anarudilia, mpaka magoti ikatoka damu, na hakusema «aï». Kuna wamama wenye wanashona nguo za ile wakati, na wanashona hata vifungo vya ndani, vyenye hakuna muntu ataona. Niliwauliza sababu gani. Walisema, «Mwenye anaivaa atajua.» Kweli, nilitamani kuwapatia mukono.

Kitu moja tu ilinikasirisha: kuku. Walileta kuku mubichi yenye wamepaka rangi ya kahawia, eti ku televizyo itaonekana imeiva. Nikasema hapana, mimi sipitishi ile maiti mu meza. Nikaenda kupika kuku tatu za kweli, na vitunguu na siagi, vile unajua. Walikula mbele Monsieur Luc hajasema kuanza, na kazi ikasimama mpaka nikapika zingine. Alinigombeza, lakini kinywa yake ilikuwa imejaa.

Mwenye nilipenda kupita wote ni Mzee Gaston. Yeye anacheza mukubwa wa watumishi. Iko muntu wa miaka kama sabini, jina yake inajulikana mu inchi yote, na alikuwa ananifuata nyuma kama mwanafunzi. Kila kitu anauliza sababu. Sababu gani unasimama na muguu wa kushoto nyuma? Sababu gani unafunga mulango bila kugeuka? Nilikuwa sijajiuliza ile maneno hata siku moja. Na nikimuonyesha mara moja, anaifanya, na naona mikono yangu mwenyewe ku mwili ya muzungu. Nilishangaa sana, Mama Feza. Ile si kuiga. Ni akili, na ni upendo pia.

Basi tulifika ku kipande moja. Mule mu hadisi, mukubwa wa watumishi anataka ruhusa aende ku ndoa ya binti yake, mbali, na bwana ya nyumba anakatala, anasema, «Na nani atanimiminia kahawa?» Niliisoma mara mbili. Mzee Gaston akasema, «Rafiki, onyesha. Muntu wa kazi yako anaomba namna gani?» Ile siku Madame alikuwa amekuja kuangalia, amekaa pembeni ku kiti na fimbo yake.

Nikawaambia: kwanza, haombi wakati kikombe imejaa. Bwana mwenye kikombe yake imejaa anakuona unamusumbua. Unangoja anywe yote. Wakati kikombe iko tupu unasogea, unainama kidogo kama vile unataka kuitosha pale ku meza, na unaomba mulemule, sauti chini. Akiitika, unasema asante na unatosha kikombe. Akikatala, unasema «Ndiyo, Monsieur» na unatosha kikombe vilevile. Hivi hakuna muntu anapata haya. Kikombe njo inakupatia njia ya kutoka.

Nikaifanya. Monsieur Luc alikaa mahali ya tajiri. Nikainama, nikasema, «Monsieur, binti yangu anaolewa. Wanamungojea baba yake.» Akakatala. Nikasema «Ndiyo, Monsieur,» nikabeba kikombe, nikatoka, nikafunga mulango bila kugeuka. Watu wote wakapiga mikono. Na Madame alipiga mikono pia, anacheka, anasema kwa sauti, «Njo yeye kabisa!»

Mzee Gaston hakupiga. Alinifuata kule nyuma ya mbao zenye walisimamisha kama ukuta ya nyumba, mahali nilikuwa nasafisha kile kikombe yenye haikukuwa chafu. Akaniuliza pole, «Ule binti, iko?»

«Iko,» nikasema. «Jina yake Feza.»

«Na Madame alikatala?»

Sasa hapa, bibi yangu, kaa chini kama uko unasimama. Nilimujibu ukweli. Nilimuambia, «Sijamuomba.»

Ndiyo. Mu barua zangu zote za hii miaka sita nilikuandikia «Madame anakatala,» «Madame anasema tungoje,» «Madame amegonjwa, hawezi kuniacha.» Ilikuwa uongo. Madame hakukatala hata siku moja, juu sikumuuliza hata siku moja. Niliona jibu mu uso yake mbele ya kufungua kinywa, na nilijibu mwenyewe mahali yake, na nilikuletea wewe ile jibu. Bwana yake alipokufa nilisema, si leo. Alipovunjika kiuno nilisema, si mwaka hii. Kikombe zilikuwa tupu mara elfu na elfu, na mimi nilizitosha tu. Umechukia Madame miaka sita bure. Mwenye ulipashwa kuchukia ni mimi.

Mzee Gaston hakunihukumu. Alitikisa kichwa tu, akaenda. Kesho yake wakawasha mataa, wakaanza kazi kweli. Akainama, akaomba vile nilimufundisha, na tajiri akakatala. Mzee akasema «Ndiyo, Monsieur,» akabeba kikombe, akaenda mpaka ku mulango. Pale akasimama. Halafu akarudi, Mama Feza! Akarudisha kile kikombe tupu ku meza, mbele ya bwana, akabaki anasimama palepale, bila neno. Haikuandikwa vile. Ule mwenye anacheza tajiri alikosa namna ya kufanya macho yake. Monsieur Luc aliacha machine ya kupiga picha itembee, na nyuma akamuuliza sababu gani amebadilisha. Mzee akasema, «Baba mwenye ameomba vile hawezi kwenda tu na kikombe.» Alisema bila kuniangalia. Ule muzee, Mungu amupe uzima murefu.

Nilirudi nyumbani. Kisha chakula ya saa sita nilimupelekea Madame kahawa yake. Nilingoja. Alipomaliza, niliinama, nikasema, «Madame, binti yangu anaolewa. Wanamungojea baba yake.»

Akacheka! Akasema, «Uzuri! Kama kule kabisa. Wanakupatia kazi ya kucheza sasa?»

Nilikuwa nimeisha kushika kikombe. Nikairudisha ku meza. Nikasema, «Madame, hii haiko televizyo. Feza njo mutoto yangu.»

Uso yake ikabadilika. Akafikiri, akasema, «Feza… ule mwenye nilimutumia shali wakati alizaliwa?»

«Apana, Madame. Ule alikuwa mutoto wa muchungaji wa ng'ombe. Feza ni ule alikuwa analala nyuma ya jiko, mu kitunga ya viazi, wakati mimi napika chakula yenu.»

Nilisikia aibu juu yake, na juu yangu pia. Kisha akauliza Feza iko na miaka ngapi, nikasema kumi na tisa. Akauliza nimekaa bila kukuona miaka ngapi, nikasema anaijua, ni ile nimekaa naye hapa. Akafunika macho na mukono. Akasema, «Lakini haukuniomba. Miaka hii yote. Ungeniomba, ungeenda.»

Nilikasirika, Mama Feza. Nilikasirika vibaya sana, nilitaka kupasua kile kikombe chini, juu alisema ukweli.

Asubui yake alijivuta na fimbo yake mpaka mu mulango ya jiko, mahali haingiaka, akaniuliza ndoa ni lini. Monsieur Luc njo alienda kutafuta tikiti. Iko ya kwenda tu, ya kurudi hakuna, mimi mwenyewe nilisema vile. Madame ataenda kukaa kwa dada ya Monsieur Luc. Na watu wa televizyo wamesema wataendelea bila mimi, wamejua kazi sasa, na mimi nawaamini: ule binti wa ziko anabeba sinia kunipita.

Nitashuka Goma juma mbili mbele ya Pasaka, Mungu akipenda, na nitatafuta kamyo ya mizigo ya kupanda mpaka Mweso. Tuma neno Ntoto leo, usingoje. Waambie waje na mbuzi zao na baba ya kijana, na wewe weka ndizi mu shimo ziive, kasiksi ikuwe tayari.

Niamkie mama mukwe wangu, mama yako, na umuambie nitamuletea dawa ya macho. Niamkie kaka yako mwenye alitaka kunywa mahali yangu. Asikasirike, atakunywa wa pili. Niamkie ndugu yangu mudogo mwenye anachunga ng'ombe za watu, na katekista mwenye anakusomea mahali maandishi yangu inakuwa mubaya. Katekista, hii barua umusomee yote, usiruke kitu, hata pale napata haya. Na Feza umuambie baba yake anamuomba musamaha, na atamuomba tena mbele ya macho yake.

Wewe, bibi yangu, hasira yako usiiandike. Iweke yote, utanipatia uso kwa uso. Hii barua usiijibu: jibu yako haitanikuta huku.

Mimi bwana yako,

Papa Feza