Merti Sikufika

Jumatatu, 6 Februari 1967

Fomu za Joramu na Tabitha za kuasili mtoto tena. Daktari alisahau kugonga muhuri ukurasa wa pili. Nimewarudisha hospitali, wakapanga foleni juani mpaka saa saba, wakaja na muhuri. Tabitha alinishukuru kana kwamba mimi ndiye niliyesimama.

Mwaka wa pili sasa katika kazi hii. Watu wasio na watoto wanakuja ofisini kwetu hapa Isiolo, nawaonyesha njia: chifu, daktari, wakili, tangazo gazetini, korti ya Nairobi. Kila hatua ina ada yake na nauli yake na siku ya duka kufungwa. Wengi hukata tamaa kwa wakili. Hawa bado.

Miaka kumi na minne ya ndoa, hawajapata. Wana duka la unga na mafuta ya taa karibu na soko. Mtoto waliye naye alitoka hospitali mwaka jana. Aliletwa na lori la wagonjwa kutoka kaskazini, ana surua, umri kama miaka miwili, jina halikuandikwa. Wakamwita Kendi. Kwetu Meru maana yake ni mpendwa. Sasa anaongea Kimeru kushinda wapwa zangu, ingawa Tabitha anasema bado huchanganya na maneno ya kwao.

Kimebaki kitu kimoja. Korti inataka ripoti kwamba jamaa za mtoto wametafutwa kambini Merti, serikali ilikowakusanya watu wa upande ule kwa sababu ya vita. Kazi hiyo ni yangu. Msafara wa malori unaondoka Alhamisi.

Alhamisi, 9 Februari

Sikwenda.

Nilifika mpaka kwenye malori, begi mkononi. Askari walikuwa wanapanga mifuko ya mchanga sakafuni mwa lori la mbele. Nikauliza ni ya nini. Mmoja akacheka: "Ya kukalia, karani. Bomu likilipuka chini, unabaki na miguu."

Wiki jana lori moja halikufika.

Nikasema nimesahau karatasi ofisini. Nikarudi nyumbani kwangu, mtaa wa Kiwanjani, nikafunga mlango, nikakaa kitandani na viatu miguuni mpaka injini ziliposikika mbali.

Mwoga. Sina neno lingine.

Ijumaa, 10 Februari

Nimejificha nyumbani kwangu mwenyewe. Ofisini wanajua niko Merti. Sikuwasha jiko, majirani wasione moshi. Nimekula mkate mkavu. Mtoto wa jirani aligonga kuomba kiberiti, nikabana pumzi.

Mwanamume wa miaka thelathini na moja.

Jumatatu, 13 Februari

Msafara ulirudi Jumamosi salama. Hakuna hata gurudumu lililopasuka.

Asubuhi nimekaa kwenye taipu. "Nilifika kambini Merti. Niliuliza wazee na akina mama. Hakuna aliyemtambua mtoto huyu." Sentensi tatu. Nikatia sahihi.

Mkubwa wangu alisoma, akaniambia pole kwa safari.

Jumapili, 19 Februari

Kanisani Tabitha alisimama wakati wa shukrani. Alisema Mungu amempa mtoto, na amempa pia kijana aliyehatarisha roho yake barabarani kwa ajili ya nyumba yake. Watu wakageuka kunitazama. Wakapiga makofi.

Baba yangu alinipa jina la Mutethia, kwa Kimeru. Msaidizi. Nilitazama sakafu mpaka wimbo ukaanza.

Jumanne, 28 Februari

Barua ya wakili imefika. Kesi itasikizwa Nairobi, Jumatano tarehe 22 Machi. Nimewapelekea wenyewe dukani. Joramu alivua kofia kusoma. Amemuuza ng'ombe wa maziwa ili kumlipa wakili, ndiye pekee waliyekuwa naye. Alisema mtoto atakunywa maziwa ya kununua, lakini atakuwa na jina kwenye karatasi.

Kendi alinishika suruali akaniita mwendwa wa baba, kipenzi cha baba. Mtu amemfundisha hivyo.

Jumatatu, 13 Machi

Siwezi kuandika vizuri leo. Nitaandika tu.

Saa tano Mama Halima, yule Mborana anayefagia wodi hospitalini, aliingia ofisini na mwanamke mwembamba, jicho moja limefungwa bandeji. Anaitwa Dhaki. Ametoka kambi ya Merti, amepewa pasi ya kuja kutibiwa jicho. Alhamisi ya wiki ijayo anarudishwa na msafara.

Anamtafuta binti yake.

Halima alitafsiri. Mwaka jana, wakati wa surua, lori lilikuja kuchukua watoto wagonjwa. Dhaki mwenyewe alimwinua mtoto akampa askari aliyekuwa juu ya lori. Mama hawakuruhusiwa kupanda. Aliambiwa mtoto atarudishwa akipona. Jina lake ni Tume.

Niliuliza swali la kijinga: kwa nini hakuulizia mapema? Halima hakulitafsiri. Alinijibu yeye.

"Yeye iko ndani ya waya, karani. Ataulizia wapi?"

Nikasema nitaangalia faili. Faili lilikuwa chini ya kiwiko changu.

Dhaki alinishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Jumanne, 14 Machi

Nimejiambia mengi leo. Kwamba kambini kuna njaa. Kwamba mtoto amenenepa. Kwamba hamkumbuki mama. Kwamba labda si yeye, watoto walikuwa wengi kwenye lori lile. Lakini rejista ya hospitali nimeisoma. Msichana wa umri ule alikuwa mmoja.

Kwamba zimebaki siku nane tu, na baada ya hapo jambo litakuwa mikononi mwa jaji, si mikononi mwangu.

Hili la mwisho ndilo pekee ninaloliamini, japo kidogo. Nalo ndilo baya kuliko yote.

Jumatano, 15 Machi

Mama Halima alinisimamisha langoni mwa hospitali. Hakuanza na salaam aleikum kama kawaida yake.

"Tabitha anaambia soko yote ulienda mpaka Merti kwa sababu ya hii mtoto. Ulienda siku gani?"

Nikataja tarehe.

"Dhaki anakaa karibu na mlango ya kambi. Hakuna kitu ingine ya kuangalia huko, anaangalia mlango. Anasema hakuna karani alikuja. Hata moja."

Halima aliokota ufagio wake. Alisema hatamwambia mtu kitu, kwa sababu mimi ndiye nitakayesema. Akaingia ndani.

Kama angenitemea mate ningelala vizuri zaidi.

Alhamisi, 16 Machi

Nimesema.

Nilikwenda dukani mchana, wakati wateja ni wachache. Kendi alikuwa chini anapanga vizibo vya soda. Nilisema kwa Kiswahili, si Kimeru, ili mtoto asielewe. Au ili iwe rahisi kwangu. Nilisema sikwenda Merti. Nilisema ripoti ni ya uongo. Nilisema mama yake yuko hai, yuko hapa Isiolo, anatibiwa jicho.

Tabitha alikuwa anapima unga. Aliendelea kumimina mpaka ukamwagika kwenye kaunta.

Joramu ndiye aliyesema kwanza. Alifunga mlango wa duka, akasogea karibu, akaniongelesha kwa upole, kama mtu anayeomba mkopo. "Kijana yangu. Kesi ni Jumatano. Siku sita tu. Ulinyamaza mwezi mzima. Huwezi kunyamaza siku sita?"

Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: nilitaka kukubali. Mdomo ulikuwa tayari.

Tabitha akasema, "Joramu, wacha."

"Tumeuza kila kitu, Tabitha."

"Najua tulichouza." Kisha akanigeukia. Hakupandisha sauti. "Mimi nilisimama kanisani nikakushukuru mbele ya watu. Ungeniacha nimlee mtoto wa mtu aliye hai, na kila Jumapili nikimwambia Mungu asante?"

Akauliza huyo mama analala wapi. Nikamwambia, kwa Mama Halima. Akasema kesho atampeleka mtoto yeye mwenyewe, nami nitakwenda nao, nisimame nione.

Joramu alikaa juu ya gunia, akajifunika uso na kofia yake.

Ijumaa, 17 Machi

Nilisimama nikaona.

Tabitha alimvalisha mtoto gauni la kanisani. Joramu hakuja. Uani kwa Halima, Dhaki alikuwa amekaa kwenye mkeka. Alipomwona alipiga magoti, akanyoosha mikono. "Kottu, Tume," alisema. Njoo. "Kottu."

Mtoto alijificha nyuma ya sketi ya Tabitha. Bandeji ilimwogopesha. Akalia kwa Kimeru kwamba anataka nyumbani.

Dhaki hakuelewa neno hata moja. Alimtazama Halima, akamtazama Tabitha, kisha mimi. Binti yake alikuwa hai na yeye hakujua anachosema. Aliteremsha mikono polepole akaiweka mapajani.

Hilo nililifanya mimi. Si vita. Februari mtoto huyu alikuwa bado anachanganya maneno, hata Tabitha aliwahi kuniambia anataja vitu kwa maneno ya kwao. Kama ningefika, angemsikia mama yake wakati ule.

Tabitha alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Alikaa mkekani, bega kwa bega na yule mwanamke, akampakata mtoto katikati yao. Wakakaa hivyo. Halima alileta chai. Mtoto alikunywa kwenye kikombe cha Tabitha, kisha, baada ya muda mrefu, kwenye kikombe cha mama yake.

Jumatatu, 20 Machi

Dhaki amehamia uani kwa Joramu tangu Jumamosi. Tabitha ndiye aliyemwita. Wanapika pamoja bila lugha.

Leo nimemweleza mkubwa wangu. Alisoma ripoti yangu tena, taratibu, kana kwamba herufi zimebadilika. Aliniuliza familia ngapi nyingine nimezifanyia hivi. Nikasema hakuna. Ni kweli, lakini nilimwona haamini, na sina haki ya kukasirika. Barua zimepelekwa kwa wakili na kortini. Kesi imeondolewa. Nimetolewa kwenye kazi ya watoto. Nitagawa blanketi stoo mpaka uamuzi utoke.

Ada ya wakili hairudishwi. Nilimpelekea Joramu mshahara wangu wa mwezi. Aliuacha juu ya kaunta, akahudumia wateja watatu, kisha akanisukumia bahasha kwa kidole kimoja. "Unataka kununua nini hapa?" aliniuliza.

Alhamisi, 23 Machi

Wameondoka.

Jana jioni walikaa kuamua. Mimi sikuitwa, Halima ndiye aliyenisimulia. Joramu aliomba mtoto abaki mpaka kambi ifunguliwe. Atamlisha, atamsomesha, Dhaki aje amchukue vita vikiisha. Dhaki alifikiri sana. Alisema watu hawa ni wema, na kwao Waborana mtoto hupewa mtu, ni desturi ya zamani na ina heshima yake. Lakini mtoto hupewa na mama yake akiwa amekaa na kuamua. "Mimi nilimpa lori," alisema. "Sitakubali lori litutenganishe mara ya pili."

Kwa hiyo asubuhi, mahali palepale pa malori. Tabitha alinituma nimlete Halima atafsiri, maana alitaka kumfundisha Dhaki maneno ya mtoto. Alisimama kando ya gurudumu akiyahesabu kwa vidole. "Akisema ruuji, ni maji. Akisema iria, ni maziwa. Akinyamaza ghafla na kushika sikio, ana usingizi. Hapendi kufunikwa kichwa." Halima alitafsiri yote. Dhaki aliyarudia: ruuji, iria. Aliyatamka vibaya, na Tabitha akamrekebisha, mara mbili, mara tatu, mpaka yakakaa sawa.

Askari wakasema panda.

Tabitha alimwinua mtoto, lakini hakumpa askari. Alingoja Dhaki apande kwanza, akampa mkononi.

Mtoto alilia akimwita mama. Wanawake wote wawili waliitika.

Jumapili, 26 Machi

Pasaka. Sikwenda kanisani. Nilikaa stoo nikihesabu blanketi ambazo zimeshahesabiwa.

Najionea aibu hata kwa huzuni niliyo nayo. Si yangu. Mwenye msiba ni Joramu, ambaye nilimpita jana amesimama mlangoni kwa kinyozi, ameshika mfuko mdogo wa peremende, hajui aupeleke wapi.

Jumatano, 29 Machi

Nimekwenda dukani kununua mafuta ya taa. Ningeweza kununua kwingine. Nimekuwa nikinunua kwingine.

Tabitha alikuwa peke yake. Alinijazia chupa, akafuta mdomo wa chupa kwa kitambaa, akanipa chenji. Nilipogeuka akasema, "Mutethia. Huko Merti kukoje? Kuna miti? Wana kivuli?"

Hakuwa ananikejeli. Nilimtazama vizuri nikaona hakuwa ananikejeli. Alikuwa anauliza tu, kwa sababu mimi ndiye mtu wa serikali anayemjua.

Nikasema, "Sijui, mama. Sijawahi kufika."

Alitikisa kichwa kidogo. Aliinama chini ya kaunta akatoa kifurushi kilichofungwa kwa uzi. Nguo za mtoto zilizobaki, alisema, na kilo ya sukari kwa mama yake. Akakisukuma mpaka karibu na mkono wangu na kurudi kwenye mizani yake.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa askari wa msafara, nikaandikisha jina. Nimemwomba mkubwa ruhusa ya siku tatu bila malipo. Akakubali, hakuuliza ya nini.

Malori yanaondoka kesho saa kumi na mbili. Naogopa vilevile kama mwezi wa pili. Nimepiga viatu rangi, nimeviweka karibu na mlango, na kifurushi juu yake.