Asali, Mkoromaji na Mtani Wangu wa Unyambwa

Singida Mjini,
Jumapili, majira ya upepo

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Salamu inakuja kwa karatasi, lakini ujue kwamba aliyeiandika ameinama. Natumaini goti lako halikusumbui sana na baridi hii, na kwamba Mama amepona kile kikohozi nilichomwacha nacho. Nawe mdogo wangu Zuhura, unayemsomea Baba, hujambo? Soma polepole, wala usiruke matusi kwa kuona haya, maana safari hii matusi ndiyo shida yenyewe.

Mimi ni mzima wa mwili. Upepo wa huku haujaacha kunitilia mchanga machoni na katika chai. Bwana Elimu, mkuu wa shule wa jimbo, hajajibu barua yangu. Angali anaona inafaa kabisa mtu aliyetoka chuo kikuu na shahada yake afundishe watoto wa shule ya kati kuhesabu magunia ya uwele. Nilikusudia kukuandikia kurasa nzima juu ya jambo hilo, na hoja zangu zilikuwa tayari. Nimeziweka kando. Sina moyo nazo.

Habari yenyewe ni ya Ntandu.

Unamfahamu kwa maneno yake, ingawa hujapata kumwona. Ndiye yule Mnyaturu wa Unyambwa, mtani wetu sisi Wanyamwezi, aliyekuwa akipiga tromboni, lile tarumbeta la kuvuta, katika bendi ya askari wakati wa vita. Ndiye aliyekuambia kupitia barua yangu kwamba Wanyamwezi walipewa mabega mapana kwa sababu Mungu alikwisha kuona hapakuwa na la kuweka kichwani. Nawe ukamrudishia kwamba Mnyaturu akisikia tarumbeta hukimbilia nje akidhani kuku wake anakamatwa. Siku nilipomsomea neno lako hilo alicheka hata akashikilia nguzo ya duka. Akasema, "Baba yako ndiye mtani. Wewe ni mtani wa vitabu."

Duka hilo ni la Bwana Seifu, ambaye baba yake alitoka pwani na mama yake ni wa hapa hapa. Ana gramafoni, na ana santuri mbili za jazi alizoachiwa na Mzungu mmoja wa machimbo ya dhahabu ya Iramba alipofunga virago kurudi kwao. Karatasi za katikati zimechakaa, majina hayasomeki, kwa hiyo wapigaji tuliwabatiza wenyewe. Katika santuri ya kwanza kuna mpiga tromboni ambaye sauti yake haina kovu wala mshono. Pumzi yake hujui inaanzia wapi. Huyo tulimwita Asali. Katika ya pili yuko mwingine anayeziba mdomo wa tarumbeta kwa kitu kama bakuli, likanguruma, likalalamika, likagombana na wenzake kama mtu. Huyo ni Mkoromaji.

Kila Jumamosi alasiri, duka likipungua wateja, tulibishana juu ya nani kati ya hao wawili ni bingwa. Mimi niko upande wa Asali. Nilimweleza Ntandu kwamba sanaa iliyokomaa huficha jasho lake.

"Jasho likifichwa linanuka," akasema.

"Huyo wako anapiga kama fisi aliyenaswa mguu."

"Na wako anapiga kama mtu anayeogopa kumwamsha mume wa mwenye nyumba! Sikia, sikia hapo. Ananyata! Mwanamume ananyata na tarumbeta?"

"Ninyi mnaoishi ndani ya tembe, paa likigusa kichwa, mmezoea kuinama," nikamwambia. "Hamwezi kujua sauti iliyonyooka."

"Na ninyi mnapenda kitu laini kwa ajili ya mabega. Mtumwa wangu, tua mzigo, ndipo usikie muziki."

Bwana Seifu alikuwa mwamuzi, lakini hakupata kuamua neno, kwa kuwa alifahamu kwamba siku atakayoamua sisi wawili hatutakuja tena kununua sukari kwake. Wateja walisimama mlangoni wakicheka. Baba, nimekaa katika kumbi za mijadala kule chuoni, nimepingana na vijana waliosoma sheria na falsafa, lakini sikupata kufurahi kama pale, juu ya magunia ya chumvi, nikiitwa mpagazi.

Baada ya mavuno Ntandu aliacha kulipiga tarumbeta lake. Alisema jino linamsumbua. Kisha chini ya taya pakatokea uvimbe, midomo ikakataa kushika, na chakula kigumu kikawa hakipiti. Nikaazima baiskeli kwa Bwana Seifu, nikampakia mtani wangu nyuma, nikamsukuma hadi hospitali huku akiwatangazia wapita njia kwamba hatimaye Mnyamwezi amepata kazi aliyozaliwa nayo.

Daktari alimtazama kwa muda mrefu. Ni mtu mpole. Alipoona kwamba najua Kiingereza alinigeukia akanieleza kwa lugha hiyo, mbele ya Ntandu mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya barabara, kwamba uvimbe umekwisha kuingia ndani ya koo, na kwamba hata akimpeleka Dar es Salaam hawatakuwa na la kumfanyia. Ntandu alikuwa akitutazama midomo, mara yangu, mara ya daktari. Kiingereza chake ni cha jeshini. Anajua amri tu.

"Kasema nini?"

"Kasema upumzike, unywe uji mwepesi."

"Maneno yote yale, uji tu? Kiingereza kina hasara."

Tukarudi. Sikumwambia mtu, si yeye, si mkewe Mama Daudi, si Bwana Seifu. Niliona kwamba kulibeba peke yangu ndiko kumstahi.

Jumamosi iliyofuata hakuweza kuja mjini, nikaenda kwao Unyambwa. Nilimkuta amelala kwenye ngozi, karibu na mlango ili apate mwanga. Amekonda, Baba, lakini macho yake ni yale yale. Mama Daudi alikuwa akimpepea inzi, na jirani wawili wa kike walikuwa wanapeta uwele pale uani. Aliponiona tu, akaanza kwa sauti iliyobaki: "Mpagazi kaja mikono mitupu! Haya, niambie. Yule mnyatiaji wako bado anaogopa wenye nyumba?"

Baba, nilimtazama lile taya. Nikayasikia maneno ya daktari. Na mimi, ambaye sijapata kumkubalia mtu katika mabishano tangu nilipojua kusema, niliona kwamba hiki ndicho kitu pekee nilicho nacho cha kumpa. Nikapiga goti kando ya ngozi nikamwambia, "Ntandu, nimefikiri sana. Ulikuwa na haki. Mkoromaji ndiye bingwa. Asali hamfikii."

Nilitazamia atabasamu. Nilitazamia aseme, "Hatimaye!"

Nyungo za wale jirani uani zikasimama. Ntandu alinitazama usoni kama anayesoma tangazo lililobandikwa bomani, akalisoma hadi mwisho. Kisha akageuza uso ukutani.

Mama Daudi alinitoa nje kwa mkono. Hakufoka. "Mwalimu," aliniuliza, "kwenu hawakukufundisha?"

"Kunifundisha nini, mama?"

"Mgonjwa hudanganywa na kila mtu. Mke atamdanganya, watoto watamdanganya, padri na daktari pia. Mtani ndiye hamdanganyi. Maadamu mtani anamtukana, mgonjwa anajua kwamba bado yumo katika watu. Mtani akimhurumia, amemzika." Akajifuta uso kwa kitenge. "Sasa niambie, huyo daktari alikwambia nini?"

Nikamwambia. Ningefanya nini tena?

Wewe ulinipeleka bweni nikiwa mdogo, na sikulaumu, nilitaka mwenyewe. Lakini utani niliusikia likizoni tu, na nikaujua kama mchezo wa maneno, jambo ambalo kwangu lilikuwa rahisi. Sikupata kukaa na wewe mahali palipo na mgonjwa wala penye maiti nikaona mchezo ule unafanya kazi gani. Nimesoma vitabu vya watu wa nchi za mbali na mila zao. Hiki hakikuwamo.

Tangu siku ile Ntandu hanywi uji. Mkewe akimshikia kibuyu, yeye anasema, "Wa nini? Mtani kashamaliza." Halalamiki, na hilo ndilo linalonitisha.

Nilirudi kujaribu kulifuta neno langu. Nilifunga gramafoni ya Bwana Seifu kwenye baiskeli kwa kamba za katani, nikaisukuma hadi Unyambwa katika upepo, na santuri zote mbili nimezifunga kifuani ndani ya koti. Nilimwambia kwamba siku ile nilikuwa na homa, nilipayuka, na kwamba Mkoromaji ni mbuzi aliyemeza debe. Nilimtukana kwa kila neno nililowahi kulisikia kwako. Jirani walikuja wakasimama mlangoni, kama wale wateja wa duka, wakitaka kunisaidia kwa kucheka. Kicheko chao kilianza kikafa.

Yeye alinisikiliza kwa adabu. "Usijitese, mwalimu," akasema.

Mwalimu! Hakuniita mpagazi, wala mtumwa wangu.

Nikamwekea Asali, ili akasirike. Nilizungusha mkono wa gramafoni, santuri ikaanza, na sauti ile isiyo na mshono ikaingia katika tembe lile, ikapita juu ya vyungu na kuku waliolala kwenye tenga. Ntandu alifumba macho. Nilimwona vidole vya mkono wa kulia vikisogea juu ya ngozi, mbele na nyuma, vikivuta tarumbeta ambalo halipo. Ilipokwisha akasema, taratibu, bila mzaha wowote:

"Huyu wako naye anajua."

Baba, ningependa anipige kofi. Kwa muda wote ule nilitamani kulisikia neno hilo. Niliwahi hata kuliota. Sasa amenipa, naye amenipa kwa sababu ile ile niliyompa mimi langu. Tumehurumiana pande zote mbili, na hakuna aliyebaki wa kubishana. Nilifunga gramafoni nikaondoka, na njia nzima upepo ulikuwa wa kunisukuma mgongoni, kama unanifukuza. Bwana Seifu aliponiuliza hali, nilimkabidhi santuri zake. Ameziweka santuri juu kabisa, nyuma ya makopo ya siagi, na Jumamosi hii duka lilikuwa kimya. Watu walinunua mafuta ya taa wakaenda zao.

Nakuambia wewe tu: hata sasa naamini Asali ndiye bingwa. Naye Ntandu anajua kwamba naamini hivyo. Ndiyo maana uongo wangu ulimfikia wazi vile.

Nimefikiri kila njia. Hoja ninazo, na maneno ninayo ya lugha mbili, lakini yakitoka kwangu sasa yote yananuka dawa ya hospitali. Ntandu hataniamini tena. Wewe atakuamini. Hujapata kumwona akiwa amelala, hukuisikia sauti ya daktari, na katika maisha yako hujapata kumkubalia Mnyaturu hata kwamba jua limechomoza. Kwa hiyo nakuomba, Baba, mtumie matusi. Usimwulize hali yake, wala usimwombee kwa Mungu ndani ya barua hiyo, omba pembeni. Mwambie juu ya Mkoromaji wake, na juu ya bendi yao ya askari, na juu ya kuku. Mwambie mwanao ni mjinga aliyeharibiwa na shule, kwamba hakutumwa na mtu kumkubalia, na kwamba ubishi wenyewe ni wako wewe na yeye, nao haujaisha. Zuhura aandike kama unavyotamka, asisafishe neno hata moja.

Barua hii itapanda lori hadi Itigi ndipo ishike treni. Wewe uliyefanya kazi relini unajua namna ya kuiharakisha ile ya kurudi. Mpe mkononi mmoja wa vijana wako wa zamani. Ikifika, nitapanda baiskeli siku hiyo hiyo, nami nitaisoma kwa sauti yako. Ikichelewa, mila inaniruhusu kuisoma kaburini, na watu watacheka kama ipasavyo. Lakini sitaki kuisomea huko, Baba. Nataka aisikie akasirike, aombe uji apate nguvu za kukujibu.

Nisalimie Mama, mwambie sweta lake ndilo linalonistiri na upepo huu. Shikamoo kwa bibi, mama yako, na umwambie nakula vizuri ingawa si kweli. Baba mdogo, mpiga ngoma wenu wa arusini, mwulize kama anakumbuka tusi lolote kuhusu matembe. La kwangu halikufaa. Na Zuhura, ahsante kwa kusoma hadi hapa.

Ni mimi mwanao, mtani wa vitabu,

Shabani