Suruali Isiyotoa Miguu

Mdogo wangu,

Basi juzi mteja mmoja akaivaa suruali niliyomshonea, miguu ikagoma kutokea. Kumbe kwa usingizi nimeshona mpaka chini, nimeziba pa kutokea miguu. "Fundi, hii suruali au foronya mbili?" Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Ila jana sikucheka. Nimempa mama dawa yake ya moyo, nikageuka, nikamletea tena. Akaniambia, "Nimeshameza, mwanangu." Daktari kasema ubongo usiolala, sehemu zake haziambiani: mkono umetoa dawa, kumbukumbu haina habari. Kumkeshea mama peke yangu sasa basi, nitamuua. Jumamosi uje tupokezane usiku. Shemeji nimeshamwambia, kakubali, kwa hiyo usinitafutie sababu. Kitanda chako tayari, na zamu ya kwanza ni yako.

Mama huyo ananiita. Uje.

Dada yako