Mtoto Hakuwa Amelala

Chawia,
9 Agosti 1986

Kaka Obadiah,

Ukungu umeshuka mpaka mlangoni, na ng'ombe wanapita ndani yake kama wanaogelea. Maharagwe yamezaa vizuri.

Tangu uhamie Kaloleni, huko Voi mjini, nyumba imekuwa kimya. Uliporudi kutoka Kiev baada ya mtambo wa nyuklia kulipuka, daktari alikupima akasema u mzima, huwezi kumwambukiza mtu. Nilimsikia. Hata hivyo nilikutengea sahani. Siku ile ulinawa mikono mara mbili, ukaomba kumpakata mwanangu, nami nikasema, "Amelala." Alikuwa akicheka mgongoni mwangu. Ulikausha mikono kwenye shati, ukaondoka.

Niliogopa, kaka. Jumapili nakuja Voi na mtoto. Nitakupa umpakate palepale stesheni, watu wote wakiona.

Dada yako,
Mable