Baba Aliyekaa Kimya

Kabiria, Nairobi

Mama Simiyu,

Bado nakuita hivyo. Kama jina hilo linakuumiza, nisamehe, sijui kukuita vingine. Kifua chako kimepoa? Na yule mdogo, ameanza kutambaa? Mimi nipo. Bado nabeba simenti kwenye jengo moja karibu na River Road, na mgongo hauniachi nilale. Lakini siandiki kwa ajili ya mgongo. Tangu mmzike Simiyu bila mimi hujanijibu hata neno moja.

Nikueleze lililonipata. Hapa kanisani tuna kikundi cha maigizo. Tukimaliza mazoezi tunakaa kwenye viti na kila mmoja anaambiwa kasoro zake. Unayeambiwa hujibu, unasema tu, "Nimesikia." Mimi nilipewa kuwa baba aliyefiwa na mtoto. Mwalimu Mutua, ambaye ndiye aliyetunga mchezo, aliandika kwamba baba anakaa kitini, anafunika uso kwa kitambaa, basi.

Zamu yake ya kuambiwa kasoro ilipofika nikamwambia wazi, "Mwalimu, hapo umekosea. Kwetu baba akikaa kimya hivyo, watu watasema ndiye aliyemroga. Anatoka nje, anazunguka boma akimwita mtoto kwa jina."

Hakukasirika. Akasema, "Nimesikia. Nyinyi mnaotoka magharibi ya nchi mnajua kulia. Simama utuonyeshe."

Nikasimama, nikazunguka ukumbi nikiita jina la yule mtoto wa mchezo. Nduku, mshonaji wa nguo anayeigiza mke wangu, akanitazama mpaka nikamaliza.

"Mzee, hapa hatudanganyani," akasema. "Umelia kama mtu aliyeachwa na basi."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaongeza, "Huyo unamlilia kama mtoto wa jirani. Wako ungemlilia hivyo?"

Nikasema nimesikia. Hawajui habari za Simiyu, sikuwahi kuwaambia. Mwalimu akaniomba nirudie. Safari hii nikataka kuita jina la mwanetu, labda sauti ingekuja. Nikafungua mdomo. Halikutoka, Mama Simiyu. Nilisimama pale katikati ya ukumbi mpaka Nduku akanishika mkono akanikalisha. Sehemu yangu wamempa mtu mwingine, na wamefanya vyema kunitoa.

Tangu siku hiyo nabeba mifuko huku najaribu kulitamka jina hilo, na linakwama. Ndipo nikajua nyinyi huko mnaniona vipi: kama yule baba wa kitini, aliyefunika uso tu. Barua ya kaka ilinikuta mmeshafunika kaburi. Nyapara akasema nikiondoka nisirudi tena kazini, nami nikabaki, nikakaa kimya. Hakuna aliyeniambia ukweli wangu usoni, hata wewe. Umenyamaza tu, na kimya chako kinanimaliza.

Nataka kuja mwisho wa mwezi huu, kazi ikipotea ipotee. Nizunguke boma letu nimwite, hata kama matanga yalishakwisha na majirani watanishangaa. Ila sitaki kuja kama mgeni mlangoni kwako. Niambie bila kunihurumia: nikija, utatoka tuzunguke pamoja, au utabaki ndani?

Msalimie mama yangu, umwombe asinitetee. Msalimie dada yangu anayekusaidia shambani. Na kaka Barasa, aliyetupa udongo kaburini badala yangu, mwambie sijui nimshukuru vipi.

Ni mimi mumeo,
Wekesa